Kahawa Mbivu Niliijua kwa Vidole

Kwetu ni Kibosho, kwenye mteremko wa kusini wa Kilimanjaro. Mwezi wa saba ukiingia, msimu wa kahawa ulituchukua watoto wote wa nyumba ile: kaka zangu wawili, dada yetu, na mimi niliye kitinda mimba. Kila mmoja alifunga ndoo kiunoni kwa kamba ya mgomba, tukaingia kihambani, shamba letu la nyumbani, chini ya migomba na miti ya kivuli, ambako babu alipanda mibuni bila kufuata mstari. Baba alikuwa na sheria moja na aliirudia kila asubuhi kama sala: chuma mbivu, mbichi iache mtini.

Hakuwa anatuonea. Kahawa mbichi ikiingia kwenye mashine ya kumenyea, ganda halitoki. Inapondeka, inachanganyika na nzuri, inalala nayo kwenye maji ya kuchachusha, kisha inakaushwa nayo kwenye kichanja. Siku ya kupeleka chama cha msingi cha ushirika, karani anatia mkono ndani ya gunia, anatoa konzi, anaitazama, na jasho la miezi linashuka daraja. Ada yetu ya shule ilikuwa ndani ya konzi ile.

Jioni tulimwaga tulichochuma juu ya gunia lililotandikwa uani. Ndoo za kaka zangu Baba alizitupia jicho tu. Ya kwangu aliichuchumalia. Aliichambua kwa kiganja, mbivu kushoto, mbichi kulia, na upande wa kulia ndio uliojaa. Kisha anachukua punje moja, anaishika mbele ya uso wangu.

"Hii imeiva?"

Mimi nanyoosha mkono niiminye. Anaurudisha mkono wangu kwa kofi.

"Jibu kwa macho!"

Nilikuwa na miaka 9. Nilijibu kwa kubahatisha, na ukibahatisha kati ya mambo mawili, nusu ya siku unapata na nusu unakosa. Ile nusu ya kupata ndiyo iliyoniponza. Kama ningekosa kila siku, pengine mtu angeshuka mjini nami kupimwa. Lakini kwa kuwa leo nilijua na kesho sijui, Baba aliona jambo moja tu: mtoto huyu anajua ila hataki. Jina langu likawa mvivu. Baadaye likaongezwa kiburi.

Kwa macho niliona matunda mengi ya mviringo yenye rangi moja iliyofifia, kama udongo mkavu, na majani kuzunguka matunda hayo yalikuwa na rangi ileile, yamekolea kidogo tu. Kilichoniumiza miaka yote ile, na nikikumbuka bado kinaniuma, ni kwamba niliamini kaka zangu nao wanaona hivyohivyo. Nilidhani tofauti yao na mimi ni bidii. Wao wanakazia macho, mimi sikazii. Nilikazia macho mpaka yakatoa machozi, na kahawa ilibaki vilevile.

Kwa hiyo nikajifunza njia yangu. Kahawa iliyoiva ukiiweka kati ya kidole gumba na cha shahada, inalegea kabla hujaibana vizuri. Ganda linapasuka, na buni mbili zenye utelezi zinachomoka na kukuachia utamu kwenye vidole. Mbichi ni ngumu kama kokoto, haikubali. Iliyo katikati, ambayo kesho kutwa itakuwa tayari, inabonyea kidogo kisha inagoma. Kufikia miaka 11 sikukosea hata moja nikiachiwa nafasi ya kugusa. Ila kugusa kila punje kunachukua muda. Kaka zangu wanajaza ndoo mbili mimi bado nusu, na mvivu akabaki mvivu, sasa kwa sababu nyingine.

Kulikuwa na saa moja ya siku niliyoipenda: magharibi, jua likishashuka nyuma ya migomba. Kaka zangu walianza kulalamika kwamba hawaoni, wakafungua kamba za ndoo. Mimi niliendelea. Hakuna kilichobadilika kwangu, maana vidole havijui giza. Nimesoma baadaye kwamba mwanga ukipungua, seli za jicho zinazotambua rangi huacha kufanya kazi, zinabaki zile za usiku zisizojua rangi kabisa, na cha kwanza kuzama gizani ni nyekundu. Jan Purkinje, mtaalamu kutoka nchi ambayo leo ni Ucheki, aliligundua hilo mwanzoni mwa karne ya 19 alipotazama maua: alfajiri maua mekundu yalikuwa meusi wakati majani yameshaonekana. Kila jioni pale kihambani ndugu zangu waliingia kwenye dunia yangu kwa dakika 20 hivi, wakaikimbia kwenda kula.

Na kulikuwa na kinyonga. Wachumaji wengi wanamwogopa, na kumshika bila kukusudia ukiwa umepitisha mkono kwenye tawi ni jambo la kupiga kelele. Dada yangu alinitanguliza kila mti mpya. "Mwangalie kwanza," alisema, maana mimi nilimwona kinyonga kabla ya mtu yeyote. Sikujua kwa nini. Yeye kwao alikuwa amejificha ndani ya mchanganyiko wa rangi za majani. Kwangu mchanganyiko huo haukuwepo, kulikuwa na umbo tu: mgongo uliopinda, mkia uliojikunja, jicho linalozunguka lenyewe. Mwaka 1992 watafiti wa Uingereza walichapisha jaribio lililoonyesha jambo hilohilo, kwamba watu wenye macho kama yangu wanaweza kutambua kitu kilichofichwa kwa rangi pale ambapo wenye macho ya kawaida wanakipita. Pale nyumbani hakuna aliyejiuliza inawezekanaje mtoto anayeona kinyonga ashindwe kuona kahawa.

Nikiulizwa nani aliyetuficha sote ukweli, mimi nasema ni maneno. Nilijua rangi zote kwa majina. Damu ni nyekundu, nilijua. Majani ni ya kijani, nilijua. Nyanya mbivu nyekundu, bendera ina kijani, manjano, nyeusi na buluu, na mahali pa kila rangi nilipajua. Mwalimu akiuliza, najibu sawasawa. Siku moja tu, darasa la tatu, penseli za rangi ziligawiwa zikiwa zimebanduka karatasi zenye majina. Nikachora mgomba wetu, nikaupaka kwa furaha, na darasa zima likacheka. Nilikuwa nimepaka majani kahawia. Mwalimu alisema nafanya mzaha.

Nimeifikiria sana lugha yetu kuhusu jambo hili. Rangi zenye maneno ya asili yanayokubali viambishi ni tatu: nyeupe, nyeusi, nyekundu. Ua jeupe, ua jeusi, ua jekundu. Zilizobaki karibu zote tunaazima kutoka kwenye vitu: kijani ni jani, kijivu ni jivu, manjano ni bizari, zambarau ni tunda, kahawia ni kahawa, chungwa ni chungwa. Tuna hata damu ya mzee, na maji ya kunde kwa ngozi ya mtu. Mswahili akitaka kukuambia rangi, anakuonyesha kitu na kusema, kama hiki. Nami nilikubaliana naye kila mara, kwa sababu jani ninalionyesha jani lilelile. Ndani ya kichwa chake na ndani ya kichwa changu kulikuwa na majani mawili tofauti, na neno moja likayafunika yote mawili, tukaelewana vizuri kabisa bila kuelewana.

Nilipomaliza kidato cha nne sikuendelea. Nikashuka Moshi mjini, nikajiunga na fundi umeme mmoja aliyekuwa rafiki wa mjomba wa jirani. Hii ilikuwa mwaka 2004. Fundi wangu alikuwa mzee mkimya, mwenye tabia ya kupima kila kitu mara mbili. Alinifundisha kwamba kwenye nyumba za zamani waya wa moto, unaoleta umeme, ni mwekundu, nyutro inayourudisha ni nyeusi, na ethi, inayounganisha bati la kifaa na ardhi kwa usalama, ni ya kijani. Kwenye nyaya mpya moto ni kahawia, nyutro buluu, ethi ni ya kijani yenye mstari wa manjano. Zile mpya hazikunisumbua, mstari wa manjano naona vizuri sana, na buluu pia. Na mjini kazi nyingi za mwaka wa kwanza zilikuwa mpya.

Kisha tukapata nyumba moja ya zamani, ya kubadilisha soketi jikoni. Fundi aliniachia tatu za ukutani, yeye akaingia darini. Zilikuwa nyuma ya kabati, mwanga hafifu, nyaya zimeshika vumbi na moshi wa miaka. Mweusi niliujua. Mbili zilizobaki niliziangalia, nikazigeuza, nikaangalia tena. Hapo hakuna cha kuminya. Nikafanya nilichofanya uani kwa Baba miaka yote: nikabahatisha. Mbili nilipata. Ya tatu niliweka mwekundu kwenye ethi.

Mama mwenye nyumba alikuwa amesimama mlangoni na birika la umeme, la bati, amelijaza maji. Alitaka kututengenezea chai. Fundi aliposhuka na kurudisha umeme alisema, "Subiri kidogo mama," akatoa testa mfukoni, akaiingiza kwenye tundu la ethi la soketi ya kwanza. Kimya. Ya pili. Kimya. Ya tatu, taa ndogo ndani ya testa ikawaka.

Naiona mpaka leo taa ile. Angechomeka birika lile, bati lote lingebeba umeme, na mkono wake ulikuwa umelowa.

Fundi alizima meni swichi, akafungua soketi, akairekebisha bila neno. Chai tulikunywa. Tulipotoka alikaa kwenye kizingiti cha duka lililofungwa, akafungua boksi la vipande vya waya, akavimwaga sakafuni kama 15 hivi.

"Nipangie kwa rangi."

Nilipanga. Manjano pamoja, buluu pamoja, nyeusi pamoja, nyeupe pamoja. Halafu fungu moja kubwa ambalo mimi niliona ni jamaa moja, nikaligawa mawili kwa kukisia. Alitazama mafungu yale kwa muda mrefu. Nikasubiri neno mvivu.

"Kijana," akasema, "wewe hukosei. Unapanga vizuri sana unachokiona. Nenda kapime macho. Usiguse waya mpaka urudi."

Sikujua kwamba mtu anaweza kusema sentensi kama ile. Miaka 20 watu walinitazama mimi wakaona tabia. Yeye alitazama mafungu ya nyaya.

Kwenye kliniki ya macho nilikutana na mama wa makamo, mpole, akanisomesha herufi ukutani mpaka mstari wa mwisho. Nilizisoma zote. Nilipomweleza habari ya nyaya, alikwenda kabatini akatoa kitabu chembamba chenye kurasa zilizojaa vidoadoa vya mviringo. Baadaye nilijua ni kipimo cha daktari wa Kijapani, Shinobu Ishihara, kilichochapishwa mara ya kwanza mwaka 1917, na bado kinatumika duniani kote. Ukurasa wa kwanza nikasoma 12. "Huo kila mtu anausoma," akasema. Uliofuata nikasoma 3. Akaandika. Mwingine 21. Akaandika. Zikaja kurasa ambazo hazikuwa na kitu, vidoa tu, nikasema sioni. Akanionyesha kwa ncha ya kalamu: hapa wengine wanaona 8, sio 3. Hapa wanaona 74, sio 21. Nilifuata ncha ya kalamu, na 8 haikuja.

Kisha akafungua ukurasa mwingine, na namba ikasimama mbele yangu wazi kabisa.

"45," nikasema.

Akatabasamu. "Mimi hapa sioni namba yoyote. Najua ni 45 kwa sababu nimekariri."

Nilimwomba arudie. Akarudia. Nikamwonyesha kwa kidole, nne inaanzia hapa, inashuka hivi, tano hii hapa. Aliinama, akakunja macho, akatikisa kichwa. Alikuwa anakaza macho kama nilivyokaza mimi chini ya mibuni, na hakuona. Kurasa zile ziliwekwa makusudi: tofauti za nyekundu na kijani zinawavuruga wenye macho ya kawaida wasione mstari wa namba, na asiyeona tofauti hizo hana kinachomvuruga. Nilitoka pale nikakaa kwenye benchi la nje, nikalia kidogo, sina aibu kusema.

Kwa Kiswahili hali hii inaitwa upofu wa rangi, na jina hilo silipendi. Jicho la kawaida lina aina tatu za seli zinazopokea rangi, moja kwa mawimbi mafupi ya mwanga, moja ya kati, moja ya marefu, na ubongo unalinganisha taarifa zao. Mimi sina zile za kati. Ninalinganisha mbili. Mbwa pia anazo mbili. Kuku wa uani anazo nne, na nyuki anaona miali ya jua ambayo sisi sote hatuioni kabisa. Kwa hiyo hata Baba na macho yake mazima alikuwa anaona sehemu tu ya ua ambalo nyuki analijua.

Aliyefungua mlango huu alikuwa mwalimu na mkemia wa Uingereza, John Dalton. Mwaka 1794 alisimama mbele ya jamii ya wasomi mjini Manchester akasoma andiko kuhusu macho yake mwenyewe. Alikuwa amegundua kwamba ua moja alilolitazama mchana lilikuwa na rangi ya anga, na usiku kwa mwanga wa mshumaa likawa jekundu. Akawauliza rafiki zake, hakuna aliyeona badiliko hilo. Aliyekubaliana naye ni kaka yake tu. Dalton aliamini kwamba maji ya ndani ya jicho lake yana rangi ya buluu, akaagiza akifa wamchunguze. Alikufa 1844, wakalifungua jicho, maji yakawa meupe safi. Vipande vya macho yake vikahifadhiwa, na mwaka 1995 wanasayansi walipima vinasaba vyake wakakuta alikosa seli zilezile ninazozikosa mimi. Hata yeye, na akili yake yote, alikuwa amekosea kuhusu sababu, lakini alipata jambo kubwa zaidi: alishuku kwamba anachokiona si anachokiona mwenzake. Hilo ndilo gumu. Alikuwa na miaka 28.

Nilipanda nyumbani na cheti changu. Mama nilimweleza jikoni. Nilipofika kwenye maelezo kwamba hali hii mtoto wa kiume huipata kwa mama yake, kupitia kwa mama ambaye mwenyewe anaona vizuri, aliacha kumenya ndizi.

"Kaka yangu," akasema.

Mjomba yule sikumjua sana. Alikimbilia Tanga kwenye mkonge akiwa kijana, na hakurudi kukaa. Mama alisema walimchapa kila msimu wa kahawa. Yeye mwenyewe, akiwa mdogo, alimcheka. Alilisema hilo taratibu, kisu mkononi, akitazama ndizi.

Baba alikisoma cheti nje kwenye mwanga, akakikunja, akanirudishia. "Macho yako mazima," akasema. "Gazeti unasoma." Hakuwa mkali. Alikuwa na hakika. Maana yeye alikuwa amesimama mbele ya mti uleule, ameona kahawa nyekundu ikiwaka kama makaa, na hakukuwa na karatasi ya kumwambia kwamba mwanawe aliyesimama kando yake hakuiona.

Kazi ya umeme sikuiacha. Fundi alininunulia kipima umeme, akanipa sheria mpya: rangi ya waya ni uvumi, kipimo ndicho shahidi. Mpaka leo nina vijana wanne chini yangu, wote wana macho mazuri, na wote wanapima.

Ndugu zangu walinielewa kwa njia ya ajabu, Februari 2015, ile picha ya gauni ilipozunguka kwenye simu dunia nzima. Kwenye kundi la familia dada alisema gauni jeupe lenye dhahabu. Kaka mkubwa akasema ni buluu na nyeusi. Walibishana usiku kucha, kila mmoja akidhani mwenzake anafanya utani, mpaka ikawa hasira ya kweli. Gauni lenyewe lilikuwa la buluu na nyeusi. Ila picha ilikuwa na mwanga usioeleweka, na ubongo wa kila mtu uliamua wenyewe, bila kumwuliza mwenye nao, kama nguo iko kivulini au kwenye mwanga mkali, ukaondoa rangi ya mwanga huo kabla ya kumletea picha. Asubuhi kaka akanipigia. Aliniambia, "Dogo, jana niliona kwa macho yangu na dada hakuona. Ndivyo ilivyokuwa kwako?" Nikamwambia ndiyo, kila siku. Akanyamaza, kisha akaniomba radhi kwa habari ya ndoo.

Mtoto wa dada naye ni kama mimi. Tulimjua akiwa darasa la kwanza. Penseli zake zina majina yaliyochongwa kwa kisu kwenye mti wenyewe, ili yasibanduke.

Baba alipopita miaka 70, shida ya nyumba ile ikawa shati. Alikuwa na shati jeupe la kanisani, na Jumapili baada ya Jumapili alilitazama akasema halijatakata. Lina rangi ya chai. Mama akabadilisha sabuni. Akaongeza kuloweka. Akanunua buluu ya kufulia, akatia kidogo, Baba akasema bado. Akatia zaidi. Ilifikia hatua sisi wengine tuliona shati limeanza kuwa na ubuluu kabisa, na watu kanisani wanaligeukia, na Baba bado anasema linafanana na maziwa yaliyoharibika. Alimwambia Mama, mbele yetu, kwamba uzee umemfanya mzembe. Mama hakujibu. Alirudi kwenye beseni. Siku hizo Baba alikuwa pia anawaambia wageni kwamba theluji ya Kibo imechafuka, imekuwa ya manjano kwa ajili ya moshi wa magari.

Alipoanza kujikwaa ngazini tukampeleka hospitali. Alikuwa na mtoto wa jicho kwa macho yote mawili. Lenzi ya jicho inapozeeka inakuwa ya manjano, kisha ya kahawia, na inafanya hivyo polepole kiasi kwamba mwenye jicho hajui. Walimfanyia la kulia kwanza, wakatoa lenzi iliyochakaa, wakaweka ya plastiki.

Nilikuwa nyumbani asubuhi ya pili, bandeji imeshatolewa. Shati lilikuwa kwenye kamba. Nilimkuta amesimama mbele yake, amefunika jicho la kushoto kwa kiganja. Kisha akahamisha kiganja, akafunika la kulia. Akarudia. Akarudia tena. Alifanya hivyo kwa muda mrefu kiasi kwamba nilidhani anaumwa.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba. Njoo. Hili shati ni la rangi gani?"

Buluu naiona kama wanavyoiona wengine. "Lina ubuluu," nikasema.

"Na jicho hili linasema hivyo." Akafunika la kulia. "Hili linasema manjano." Akashusha mkono. "Na yote mawili ni yangu."

Ulikuwa mwezi wa kumi, kahawa ipo mitini. Alinishika bega tukaingia kihambani polepole, mpaka kwenye mbuni wa kwanza. Akavuta tawi.

"Ulikuwa unaiminya," akasema. "Kila mara nilikupiga mkono, ulikuwa unataka kuiminya."

Nikamweleza yote. Inavyolegea, inavyobonyea kisha ikagoma, ile ngumu isiyokubali. Akafumba macho yote mawili, lililopona na lisilopona, akapapasa tawi. Aliminya moja, akaiacha. Ya pili akaiacha. Ya tatu buni zikachomoka mikononi mwake. Alibaki amefumba macho, utelezi ukimshukia kwenye vidole.

"Miaka yote ile," akasema.

Tuliporudi alipitia mpakani, akakata isale, lile jani ambalo kwetu Wachagga mtu humpelekea aliyemkosea, akaingia nalo jikoni kwa Mama. Mimi nilibaki uani. Sikusikia walichoongea, na sikuuliza. Jumapili iliyofuata Mama alilifua shati kwa sabuni na maji tu, bila buluu, na Baba akalivaa.